Mogo ni Muhogo: Kiswahili Kwenye Meza za Kihindi za London

Barabara ya Ealing Road, Wembley, kaskazini-magharibi mwa London, humpokea mtu kwa pua kabla ya macho. Kwanza bizari nzima inayokaangwa, halafu samli, halafu maembe yaliyopangwa kwenye makasha nje ya maduka ya mboga, jirani na bamia, majani ya giligilani na mihogo iliyolala na maganda yake ya kahawia. Sari zinaning'inia madirishani, dhahabu inameta kwenye vioo vya masonara, na juu ya yote hayo limesimama hekalu la Kihindu la mawe ya kuchonga, lililofunguliwa mwaka 2010.

Mgeni kutoka Dar es Salaam au Mombasa akiketi katika mmoja wa migahawa ya barabara hii na kufungua menyu, jicho lake hunasa kwenye neno moja: mogo. Sahani inapoletwa, mambo hujieleza. Ni vipande vya muhogo vilivyochemshwa, vikakaangwa hadi vikageuka rangi, vikanyunyiziwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu. Ni muhogo ule ule unaouzwa jioni Forodhani, Zanzibar, na kando ya barabara ya Mama Ngina, Mombasa. Neno lenyewe limedondosha herufi mbili tu njiani.

Halipo peke yake. Karanga, kwa wazee wengi wa Kigujarati wa mji huu, ni jugu, yaani njugu. Kuku aliyechomwa kisha akamiminiwa mchuzi wa nazi huitwa kuku paka, na kila Mswahili anayejua kuku wa kupaka hahitaji kutafsiriwa. Mishkaki imebaki mishkaki. Katika nyumba nyingi za Wembley na Harrow, kisu bado ni kisu, sufuria ni sufuria, na fagio ni fagio, ndani ya sentensi za Kigujarati fasaha.

Maneno haya yanasimulia jambo ambalo waandishi wengi wa mapishi wa London hulipita haraka. Chakula bora cha Kihindi cha mji huu hakikuja chote moja kwa moja kutoka India. Sehemu yake kubwa, na baadhi ya majina yake makubwa zaidi, ilipitia kwanza Nairobi, Mombasa na Kampala.

Mkahawa wa mwaka 1810

Historia inaanzia mbali. Mwaka 1810, Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna aliyewahi kutumikia jeshi la Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India, alifungua Hindoostane Coffee House katika mtaa wa George, London. Aliwalenga Waingereza waliorudi kutoka India wakiwa bado na hamu ya vyakula vya huko. Aliwawekea makochi ya mianzi, kuta za picha za India na mahali pa kuvutia buruma. Biashara haikudumu. Kufikia mwaka 1812 alikuwa amefilisika, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba matajiri aliowategemea walikuwa na wapishi wao nyumbani. Baadaye Mahomed alihamia Brighton na kuwa maarufu kwa bafu za mvuke na kukandwa mwili. Ni yeye aliyewazoesha Waingereza neno la Kihindi lililozaa shampuu ya leo.

Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya mgahawa wa Kihindi wa hadhi ya juu kushika mizizi katikati ya jiji. Huo ulikuwa Veeraswamy, uliofunguliwa mtaa wa Regent mwaka 1926 na Edward Palmer, mtu wa ukoo uliochanganya damu ya Kiingereza na ya Kihindi. Wageni wake walikuwa watu wa madaraka na wa majina.

Mtu wa kawaida wa London, hata hivyo, hakujifunza kula mchuzi kwa Palmer. Alijifunza kwa mabaharia. Vijana wa Sylhet, eneo ambalo leo liko kaskazini-mashariki mwa Bangladesh, walifanya kazi kwenye vyumba vya injini vya meli za Kiingereza, na wengine waliposhuka bandarini hawakurudi melini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walichukua mikahawa midogo iliyochakaa, wakaendelea kuuza samaki na chipsi, na pembeni wakaweka sufuria la mchuzi. Ndiyo maana migahawa mingi ya Uingereza yenye kibao cha Kihindi ni ya Wabangladeshi.

Waliunda mfumo wao wa kupika. Asubuhi huchemshwa sufuria kubwa la mchuzi wa vitunguu usio na makali. Mteja akiagiza, mpishi huchota mchuzi ule, huongeza viungo vya sahani husika, nyama iliyokwisha kuiva, na kwa dakika chache chakula kipo mezani. Mfumo huo uliwawezesha watu watatu jikoni kulisha ukumbi mzima. Lakini ulikuwa na hasara yake: majina ya vyakula yakageuka vipimo vya pilipili. Vindaloo ni mfano mzuri. Kule Goa ni mchuzi wa siki na vitunguu saumu wenye asili ya Kireno, na uchachu ndio roho yake. London ikawa jina la mchuzi mkali kuliko yote.

Mwaka 2001, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Robin Cook, alitangaza katika hotuba yake kwamba kuku tikka masala ndiye chakula halisi cha taifa la Uingereza. Kufikia hapo, hata hivyo, kizazi kingine cha wapishi kilikuwa kimeshaanza kuiuliza London maswali mapya: India ipi? Chakula cha mkoa gani? Cha nyumba ya nani?

Waliopitia Mombasa

Kati ya mwaka 1896 na 1901, zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao mikataba yao ilipoisha, na maelfu wachache wakabaki. Wafanyabiashara wa Gujarat, Kutch na Punjab walikuja kwa njia yao wenyewe, wengine kwa majahazi ya zamani ya pwani, wakafungua maduka kuanzia Zanzibar hadi vijiji vya ndani kabisa vya Uganda.

Majikoni, watu hawa walikutana na nazi, muhogo, ndizi za matoke na samaki wa ziwa. Wakavifanya vyao. Mahindi yakapikwa kwa tui. Matoke yakapikwa kwa bizari ya Kigujarati. Kiswahili nacho kikapokea chapati, bajia, achari, kachumbari na biriani, hadi leo mtoto wa Tandika au wa Kisauni hafikirii hata siku moja kwamba chapati ilitoka kwa watu wengine.

Kisha siasa zikabadilika. Kenya ilipopitisha sheria kali za uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967, maelfu ya Waasia wenye pasi za Uingereza walianza kuondoka. Serikali ya London ilishtuka na Machi 1968 ikapitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, wengi wakiwa na masanduku machache ya nguo tu mkononi.

Mapishi hayakuhitaji sanduku.

Southall, magharibi mwa London, ndugu wawili wa ukoo wa Anand, Gulu na Kewal, walifungua mgahawa wa Brilliant mwaka 1975. Jina hawakulibuni Uingereza. Lilikuwa jina la biashara ya baba yao Nairobi. Mwaka 1980 jamaa yao, Sanjay Anand, alianzisha Madhu's mtaani humo humo. Huko Madhu's, Mkenya anayesoma menyu hukutana na nyama choma, mbavu za kondoo zilizolowekwa kwenye ndimu na pilipili, na chakula kiitwacho boozi bafu. Boozi ni mbuzi. Hicho ni chakula cha Wapunjabi wa Nairobi, na hakipatikani Amritsar wala Lahore.

Kwenye Ealing Road kuna Maru's Bhajia House, tangu mwaka 1976. Hapa panahitajika maelezo kwa msomaji wa Tanzania. Mzanzibari akisikia bajia hufikiria donge dogo la dengu au kunde linalotumbukizwa kwenye urojo. Mnairobi hufikiria viazi: vipande vyembamba vya mviringo vilivyochovywa kwenye unga wa dengu wenye giligilani, vikakaangwa. Maru's huuza bajia za Nairobi, na kando yake huweka chatini. Anayetaka kujua ladha ya mitaa ya Nairobi ya zama hizo anaweza kuipata Wembley.

Ukoo mwingine, huu wa kutoka Uganda, ni wa Thakrar. Kampuni yao ya Tilda ilianza London mwaka 1970 ikiuza mchele na bidhaa nyingine kwa Waasia wa Afrika Mashariki waliokuwa wakizidi kufika, kisha ikaufanya mchele wa basmati ujulikane kwa Waingereza wote. Miaka 40 baadaye, mwaka 2010, Shamil na Kavi Thakrar wa ukoo huo walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Dishoom, mgahawa uliofunguliwa Covent Garden kwa mfano wa mikahawa ya Kiirani ya Bombay. Leo foleni ya Dishoom ni kitu kinachojulikana jijini, na dengu zake nyeusi huchemka kwa zaidi ya saa 24.

Aliyelileta jina la Kiswahili hadi mlangoni ni Ravinder Bhogal. Alizaliwa Kenya, akaja London akiwa mtoto, na mwaka 2016 alipofungua mgahawa wake Marylebone aliuita Jikoni. Hakuuita kwa Kipunjabi wala kwa Kiingereza. Alichagua neno la lugha ya nchi aliyozaliwa, mahali alikokaa na wanawake wa familia yake na kujifunza kupika.

Tanuri, dengu na wali

Mgahawa mzuri wa Kihindi unapimwaje? Anza na tanuri. Tanuri la tandoori ni mtungi mkubwa wa udongo, makaa yako chini na mdomo uko juu, na joto lake hupita nyuzi 400 za Selsiasi. Naan hubandikwa ukutani kwa mkono na kuiva kwa muda mfupi sana. Inapaswa kufika mezani ikiwa na madoa meusi ya moto, laini katikati na ngumu kidogo pembezoni. Naan iliyokaa hata dakika kumi hugeuka ngozi. Jiko makini haliitoi mpaka mchuzi uwe tayari.

Kuku wa tanuri naye anajieleza. Anapakwa mtindi, tangawizi, vitunguu saumu na viungo, na hulala humo kwa saa nyingi. Mtindi hulainisha nyama na kuikinga na moto ule mkali. Rangi nyekundu ya kupindukia ni ya dukani. Rangi ya kweli ni ya machungwa iliyoungua ncha. Waliomfikisha kuku huyu kwenye migahawa ya mijini ni watu wa Peshawar waliokimbilia Delhi wakati India ilipogawanywa mwaka 1947, na mgahawa wao wa Moti Mahal ukawa maarufu. Sifa hiyo ina thamani kubwa hata leo: mwaka 2024, warithi wa waanzilishi wake walifikishana mahakamani Delhi wakibishana ni nani hasa aliyebuni kuku wa siagi.

Kipimo cha pili ni dengu. Hiki ndicho chakula cha bei ya chini kwenye menyu, na hakina nyama wala krimu nyingi ya kuficha uvivu. Dengu zikiwa zimechemshwa vizuri, mpishi hupasha samli moto mpaka ikolee, hutupia bizari nzima, vitunguu saumu na pilipili kavu, na kuimimina yote juu ya dengu huku ikilia. Wapishi huiita tarka. Dakika hiyo moja ndiyo inayotenganisha mchuzi wa hospitali na mchuzi wa kukumbukwa.

Tatu ni wali. Basmati nzuri huhifadhiwa ghalani mwaka mzima au zaidi ili ipoteze unyevu. Ikipikwa hurefuka bila kushikana. Kwenye biriani ya Hyderabad, nyama mbichi iliyolowekwa hutandazwa chini, wali ulioiva nusu hupangwa juu, kisha mdomo wa chungu huzibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke hata kidogo. Mpenzi wa biriani ya Zanzibar au Mombasa ataona tofauti hapo hapo: kwao masala hupikwa peke yake na wali peke yake, vikutane kwenye sahani. Zote ni biriani, na mgahawa unaojiheshimu huandika ya kwake ni ya wapi.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko mapambo yoyote ya ukutani. Menyu inayotaja mikoa, kwamba samaki huyu amepikwa kwa nazi na majani ya mchuzi kwa namna ya Kerala, au kwamba kondoo huyu ni wa Kashmir, imeandikwa na mtu anayejua anachopika. Menyu yenye vyakula 120 vinavyotofautiana kwa pilipili tu bado inachota kutoka kwenye sufuria moja.

Nyota na meza za plastiki

Kwa muda mrefu mwongozo wa Michelin haukukipa chakula cha Kihindi nafasi. Mwaka 2001 mlango ulifunguka: Tamarind ya mpishi Atul Kochhar na Zaika ya Vineet Bhatia, zote za London, zilipata nyota. Veeraswamy ilipata ya kwake mwaka 2016. Mwaka 2024 Gymkhana ya Mayfair ilipanda hadi nyota mbili, mwaka ule ule ambao Opheem ya Birmingham nayo ilifika hapo.

Heshima hiyo ilichelewa, na wapishi hao wameistahili. Wamethibitisha kwamba mchuzi wa Kihindi unaweza kudai bei, utulivu na ustadi unaodaiwa na mapishi ya Kifaransa. Lakini nyota hazijafika kwenye meza za plastiki za Wembley, Southall na Tooting, na huko ndiko kumbukumbu ya watu ilikohifadhiwa. Mtu mwenye usiku mmoja London na fedha za kutosha aende Mayfair. Mwenye usiku mmoja na asili ya Afrika Mashariki aende Wembley, na hatajuta.

Namna ya kuagiza

Kosa la wageni wengi ni kila mtu kuagiza sahani yake. Chakula hiki kimeundwa kuliwa kwa pamoja, kama sinia la pilau. Kwa meza ya watu wanne, kitu kimoja cha tanuri, mchuzi mmoja wa nyama au samaki, dengu, mboga moja, wali wa kugawana, naan mbili au tatu na bakuli la mtindi vinatosha. Mchuzi mmoja ukiwa mzito wa samli na krimu, wa pili uwe mwepesi, wa ukwaju au nyanya.

Kula kwa mkono wa kulia ni sahihi na hakuna mhudumu atakayeshangaa. Kipande cha naan hukunjwa kikawa kijiko, na wali hukusanywa kwa ncha za vidole, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa.

Waislamu waulize kama nyama ni halali, kwa sababu migahawa ya Kihindi haifanani. Mingine ni halali yote, mingine ni ya Wahindu au Masingasinga, na mingine huuza hata nguruwe. Wasiokula nyama hawatapata mji wa Ulaya unaowafaa kuliko huu: migahawa ya Kigujarati ya Wembley ina menyu nzima ya mboga, na baadhi hupika bila vitunguu wala vitunguu saumu kwa ajili ya Wajaini. Bili nayo isomwe kwa makini. Migahawa mingi ya London huongeza ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5. Pale inapoandikwa kuwa ni ya hiari, mteja asiyeridhika ana haki ya kuomba iondolewe.

Muhogo wenyewe, kabla ya kuwa mogo, ulikuwa umeshasafiri. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika. Waswahili wakaukaanga, Wagujarati wakaupenda, na walipolazimika kuondoka wakaubeba hadi kwenye mji wenye baridi ambako haumei. Wapishi wetu wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wana somo hapa. Vyakula hivi vilizaliwa kwetu, katika majiko ya majirani zetu, na kuku wa kupaka, mahindi ya nazi na muhogo wa pilipili vinastahili ukurasa wa mbele katika menyu za migahawa yetu mikubwa, kwa majina yake kamili ya Kiswahili.

Kwa msomaji atakayefika London, Ealing Road inaanzia karibu na kituo cha treni cha Wembley Central na kuishia Alperton. Itembee yote kwa miguu, kisha uketi na kuagiza mogo kwanza. Msalimie mzee wa kaunta kwa Kiswahili. Kama alikulia Kisumu au Jinja, atakuitikia.